Kikaragosi Hakina Kosa

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Kurasa hizi aghalabu huwa za mashairi, vitendawili na visa vya likizo, nami mwaka jana nilileta vitendawili kama wenzangu. Mwaka huu nimeomba nafasi nitoe dukuduku langu, kwani nikilimeza litanikaba koo. Dukuduku lenyewe lahusu vikaragosi. Naam, vile vile sita vya chama chetu vilivyofungiwa katika stoo ya viti tangu muhula wa pili.

Kwa wageni watakaolisoma jarida hili, kisa ni hiki. Chama chetu kilitunga mchezo kuhusu uchotaji wa mchanga mitoni. Badala ya kuuigiza wenyewe tuliamua kutumia vikaragosi. Vichwa tulivitengeneza kwa vibuyu, magazeti makuukuu na gundi ya unga wa ngano; nguo tulishona kwa mabaki ya sare. Palikuwa na mzee wa kijiji, mama mwenye mitungi, kijana mchota mchanga, mwenye lori, karani na punda. Jioni moja ya mazoezi, stima ikapotea. Mwenye lori alikuwa juu ya pazia, mdomo wazi, na tochi ya simu ya mwalimu ikamulika meno yake. Mtu akapiga yowe: "Ni wale wa muvi!" Jamani, bwalo zima lilimwagika nje kama nyuki waliotupiwa jiwe. Mwenzetu mmoja alitegua kifundo cha mguu, na hilo bado linatusikitisha.

Uvumi hauna miguu lakini hukimbia. Siku ya wazazi ilipofika, mzazi mmoja alisimama akauliza kama ni kweli shule inafuga mashetani madogo. Hakuna aliyemjibu vizuri. Wiki hiyo hiyo vikaragosi vikaingia stoo, na mchezo wetu ukafa kabla ya kuzaliwa.

Sasa, hizo muvi ni zipi? Ni mfululizo uitwao Puppet Master, yaani Bwana wa Vikaragosi. Ya kwanza ilitoka Marekani mwaka 1989. Mtayarishaji mkuu alikuwa Charles Band na mwelekezi David Schmoeller. Haikwenda kwenye majumba ya sinema. Iliuzwa moja kwa moja katika kaseti za video. Mzee mmoja aitwaye André Toulon ana siri ya kuvitia vikaragosi uhai. Kuna Blade mwenye kisu mkono mmoja na ndoano mkono wa pili. Kuna Pinhead, kichwa kama ndimu na mikono ya bondia. Kuna Tunneler mwenye keekee kichwani, na kuna mwanamke anayetapika ruba. Usimchanganye Blade na Chucky wa filamu ya Child's Play ya mwaka 1988. Yule ni mwanasesere aliyeingiwa na roho ya muuaji, naye ana msururu wake mwingine mrefu.

Mimi nimeziona nyingi za Puppet Master, kwa hiyo siwahukumu watazamaji nikiwa juu ya mti. Pesa zilikuwa kidogo, na si uongo, inaonekana. Katika ya kwanza, Toulon anakufa mwaka 1939. Katika ya tatu, iliyotoka mwaka 1991, tunamkuta Berlin mwaka 1941, mzima wa afya, akipambana na Wanazi. Marehemu huyo alifufuliwa na nani? Hakuna, ni hesabu tu iliyowashinda. Ya tano, ya mwaka 1994, iliitwa "Sura ya Mwisho". Sura ya mwisho! Baada ya hiyo zimefuata nyingine tele, na mwaka 2022 zilikuwa bado zinatoka. Ile ya mwaka 2003 sehemu yake kubwa ni vipande vya filamu za nyuma vilivyoungwa pamoja. Ni sawa na kupashiwa muthokoi wa juzi ukaambiwa ni pilau.

Hata hivyo, liko jambo moja ambalo wengi wetu hatulioni kwa sababu tumeziba macho kwa viganja. Katika filamu ya kwanza vikaragosi vinaua kwa amri ya mtu mwovu, na anapovitesa, vinamgeuka. Katika ya tatu, vikaragosi hivyo hivyo vinamlinda mzee aliyeuliwa mke wake na Wanazi, na mtazamaji anavishangilia. Katika ya nne, ya mwaka 1993, vinamsaidia kijana kupigana na mashetani yenyewe. Blade ni yule yule, na kisu ni kile kile. Kilichobadilika ni bwana wake. Waama, hata muvi ya bei rahisi yaweza kusema neno la kweli bila kukusudia. Kikaragosi hakina nia. Ukitaka kujua kama ni chema au kibaya, uliza nani amekishika na anakituma wapi.

Hili sikulijua kwa akili nyingi. Nililijua kwa kosa langu mwenyewe, nami nitalisimulia hapa ingawa naona haya.

Nyumbani kwetu ni upande wa Makueni, ng'ambo ya mto Athi ukitoka hapa Kitui. Likizo ya Desemba nilikwenda sokoni kwenye kibanda kimoja cha kunakilia filamu, nikatoa shilingi hamsini, nikajaziwa flashi nzima. Jioni hiyo nilizitazama kwa kompyuta ya mjomba. Pembeni alikaa mdogo wangu wa miaka saba. Nilimwona. Nilijua si filamu za rika lake. Marekani kwenyewe ya kwanza iliwekewa alama kwamba asiyefika miaka 17 aitazame na mzazi au mlezi. Na hapa kwetu Bodi ya Uainishaji wa Filamu huweka madaraja yake, hadi lile la miaka 18. Lakini flashi haina karatasi ya kuonyesha daraja, nami nilitaka mtu wa kunisikia nikicheka. Basi nikamwacha.

Tangu usiku ule mtoto hakwenda tena choo cha nje peke yake. Alianza kukojoa kitandani, jambo alilokuwa ameliacha zamani. Susu akadhani ni baridi, mama akadhani ni minyoo. Mimi niliyejua, nilinyamaza. Ndipo asubuhi moja tukakuta kwenye majivu ya jikoni kipande cha kichwa cha mti. Babu yetu ana kinyago cha mzee anayenusa tumbaku, alichokichonga enzi za ujana wake, na kilikuwa juu ya kabati miaka yote. Wanunuzi wamewahi kukitaka, akakataa. Mdogo wangu aliamka usiku, akapanda kiti, akakitia motoni. "Kilikuwa kinaniangalia," alisema.

Hapo nilikiri. Nilingoja kiboko, nikijua ni changu na si cha mtoto. Babu alikaa kimya kwa muda mrefu, akiligeuzageuza lile kaa mkononi. Kisha akamwita mdogo wangu, wakaenda nyuma ya nyumba, akakata tawi la mwembe na kuchukua tezo. Jioni tatu alichonga, na mtoto akikaa mbele yake. Jioni ya kwanza mtoto alikaa mbali. Ya pili alikusanya mabanzi. Ya tatu babu alimpa kisu kidogo na kumwambia atoboe jicho la kushoto. Jicho lilitoka upogo. "Basi," babu akasema, "kikikuangalia usiku, kumbuka jicho hilo ni kazi yako."

Sitawadanganya kwamba mambo yote yaliisha. Chooni usiku bado anasindikizwa, na msindikizaji ni mimi. Lakini kinyago kile kipya chenye kengeza kiko kando ya mto wake wa kulalia, naye amekipa jina.

Nilirudi shuleni na hilo kichwani, nikaanza kusoma jinsi filamu zile zilivyotengenezwa. Nawaambia, woga wangu uliobaki ulikwisha. Baadhi ya mienendo ya vikaragosi ilipigwa picha moja moja: unakisogeza kidogo, unapiga picha, unakisogeza tena, na picha 24 ndizo zinazofanya sekunde moja tu. Fundi wa kazi hiyo alikuwa David Allen, ambaye pia aliielekeza filamu ya pili. Vingine vilisukumwa kwa fito na nyaya na watu waliojificha. Mikono minene ya Pinhead ni mikono ya mtu halisi. Na mara nyingi kamera inawekwa chini kabisa, karibu na sakafu, ili tuone miguu ya watu kama anavyoiona kiumbe wa kimo cha chupa. Chini ya kitisho chote pana binadamu aliyepiga magoti, jasho likimtoka, akisukuma ufito.

Wapo watakaoniambia: "Wewe unatetea uchafu." La hasha. Sisemi zitazameni. Damu imejaa bila sababu, hadithi nyingine hazina kichwa wala mkia, na mtoto mdogo zinamwumiza, nimeshuhudia kwetu. Ninachopinga ni hatua ya pili, pale mtu anapotoka kwenye muvi mbaya na kuhukumu kila kitu chenye uso na nguo ndogo. Hiyo ni sawa na kukataa panga la shamba kwa kuwa jirani aliwahi kukatwa na panga.

Wapo pia watakaosema kwa imani, nami nawaheshimu, kwamba vikaragosi ni mlango wa shetani. Yule mzazi aliyesimama si mjinga. Wengi wa rika lake walikuwa shuleni mwaka 1994, Rais Moi alipounda tume ya kuchunguza ibada za shetani nchini, ikiongozwa na Askofu Mkuu Nicodemus Kirima. Fikiria wewe ni mtoto wa shule, taifa zima linazungumzia mashetani, na jioni unaona kaseti ya vikaragosi vinavyoua. Woga wa namna hiyo hauishi kwa kuchekwa. Lakini pia hauishi kwa kufungiwa stoo. Ukikifungia kitu gizani, unamwachia kila mtu akichore kichwani mwake apendavyo, na kila siku meno yake yanazidi urefu.

Hebu tutazame upande wa pili wa miaka hiyo hiyo. Wakati kaseti za Puppet Master zilikuwa zikizunguka duniani, hapa Kenya kulikuwa na kikundi kiitwacho CHAPS kilichotumia vikaragosi kuwafundisha watu kuhusu afya na hasa UKIMWI. Mambo ambayo mzazi alishindwa kumtajia mwanawe, kikaragosi kiliyataja hadharani, watu wakacheka, na katika kucheka wakasikia. Baadaye, mwaka 2009, mchoraji katuni Gado aliwaletea Wakenya XYZ Show katika televisheni. Vikaragosi vya mpira vyenye sura za wanasiasa wakubwa viliwasema wenye nchi waziwazi, kwa mfano wa kipindi cha vikaragosi cha Ufaransa. Hakuna aliyekimbia nje. Watu walivuta viti karibu.

Na sisi Wakamba, wa Kitui na wa Makueni, tukisema uso wa mti ni ushetani, tutakuwa tunajitukana. Ukifuata barabara ya Kitui kwenda Machakos unapita Wamunyu, kijiji cha wachongaji. Huko ndiko alikotoka Mutisya Munge, aliyejifunza kuchonga vinyago Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akarudi nao ufundi. Kazi hiyo ilienea hadi Nairobi na Mombasa, kwa muhugu na kwa mpingo. Ni karo za watoto wangapi zilizolipwa kwa nyuso za mti? Babu yangu alimsomesha mama kwa nyuso hizo. Nami niko hapa nikiandika kwa sababu mama alisoma.

Sasa nirudi kwenye mchezo wetu. Kwa nini tulichagua vikaragosi? Wengi hamkuuliza, nami nitawajibu. Mito yetu mingi ni ya msimu. Mvua ikikatika, maji hubaki chini ya mchanga, na mama zetu hufukua vishimo wakapata ya kunywa. Lori likishabeba mchanga, maji nayo yamekwenda. Makueni walitunga sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015 kwa sababu ya mambo hayo. Lakini sheria ni karatasi, na lori hupita usiku. Miongoni mwetu humu darasani wamo wanaolipiwa karo na mchanga, na wamo ambao dada zao hutembea mbali zaidi kwa sababu ya mchanga. Nani kati yetu angesimama jukwaani kwa uso wake mwenyewe amwigize mwenye lori, huku watu wakijua anamwigiza jirani yupi? Kikaragosi kingeweza. Kikaragosi hakina baba wa kuulizwa sokoni. Ndiyo maana tulikihitaji, na ndiyo maana naumia kikiwa stoo. Sisemi kuna aliyefurahi kilipofungiwa. Nasema tu kwamba, kwa kuogopa shetani wa kibuyu, tumeacha kuzungumzia mto.

Hata sisi wanachama tuna kosa letu, nalo nalikubali. Tulifanya mazoezi usiku, tukajificha nyuma ya pazia, hatukumwonyesha mtu yeyote vilivyotengenezwa. Tulitaka kuwashangaza wenzetu, tukawatisha. Babu alimponya mdogo wangu kwa kumkalisha mbele ya tezo. Sisi tulifanya kinyume: tuliwaletea uso uliokamilika gizani, tukaficha mkono.

Kwa hivyo, kwa heshima zote, naleta maombi manne.

Kwanza, vikaragosi vitolewe stoo, viwekwe juu ya meza mchana kweupe siku ya wazazi ijayo. Kila mzazi anayetaka aingize mkono wake ndani akichezeshe mwenyewe. Yule mzazi aliyeuliza awe wa kwanza, na tumkaribishe kwa heshima, si kwa kumcheka.

Pili, tukiigiza, tuigize mchana, na kabla ya kuanza wachezeshaji watoke mbele ya pazia wasalimie, kila mmoja na kikaragosi chake mkononi.

Tatu, ninyi wenye flashi na simu wakati wa likizo, na najua mko wengi, msifanye nilivyofanya. Kabla ya kubonyeza, angalieni nani amekaa pembeni. Mtoto wa miaka saba hajui kwamba nyuma ya Pinhead kuna mtu aliyechoka. Atakaa na hofu hiyo peke yake, na wewe utakuwa umeshalala.

Nne, kwa wanaopenda muvi kweli: badala ya kutafuta sehemu ya kumi na kitu ya hadithi iliyokwisha mwaka 1994, tutengeneze yetu. Kule Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa fedha kidogo sana na bunduki za kujiundia, na ikatazamwa mbali nje ya Uganda. Sisi tuna vibuyu, tuna miembe, tuna simu za walimu wenye huruma, na tuna hadithi ya mto ambayo Hollywood hawana.

Wahenga walisema, usimwamshe aliyelala, utalala wewe. Vikaragosi vyetu havikulala vyenyewe, vililazwa, na havitaamka visipotiwa mkono. Naomba ufunguo wa stoo. Kitambaa cha kupangusia vumbi nitakuja nacho mwenyewe, na kama panya hawajamla, punda nitamchezesha mimi.